Daftari la Ada: Kuisoma Historia ya Wafanyakazi wa Marekani na Viongozi Wao

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa darasa la jioni, na ndugu wafanyakazi mliofika hapa moja kwa moja kutoka kwenye zamu,

Nawashukuru kwa kunipa heshima ya kufungua mfululizo huu wa mihadhara. Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuisoma historia ya harakati za wafanyakazi wa Marekani pamoja na viongozi wake, na ningependa kuanzia kwenye chumba kimoja cha kazi chenye vumbi la tumbaku mjini New York, katika miaka ya 1870. Mafundi wa kusokota sigara nene kwa mkono walikaa kwenye mabenchi tangu asubuhi hadi jioni, vidole vikifanya kazi iliyokwisha kuzoeleka kiasi kwamba haikuhitaji tena mawazo, na masikio yao yalikuwa huru. Walimchagua mwenzao mmoja mwenye sauti nzuri, wakamwachisha kusokota kwa muda, akawa anawasomea magazeti na vitabu huku wao wakiendelea na kazi. Kwa kuwa kila fundi alilipwa kwa idadi ya sigara alizomaliza, walimtolea msomaji wao sigara kutoka katika hesabu zao wenyewe, ili asije akapata hasara kwa kuwasomea.

Miongoni mwa waliosikiliza katika mabenchi hayo, na mara nyingine akashika zamu ya kusoma, alikuwamo kijana Samuel Gompers, aliyezaliwa London mwaka 1850 na kuacha shule ya mchana akiwa na umri wa miaka 10. Huyo ndiye aliyekuja kuliongoza Shirikisho la Wafanyakazi la Marekani, lijulikanalo kwa kifupi kama AFL, tangu lilipoundwa mwaka 1886 hadi alipofariki mwaka 1924, isipokuwa mwaka mmoja tu aliposhindwa katika uchaguzi. Vitabu vingi vinatuonyesha Gompers akiwa jukwaani, mzee mfupi mwenye mwili mnene na sauti nzito. Mimi nawaomba mzitazame kwanza zile sigara alizotolewa msomaji, kwa sababu zile ndizo zilizokuwa ada. Rai yangu ya leo, ambayo nitaitetea kwa mifano, ni kwamba kiongozi wa wafanyakazi hawezi kueleweka kwa hotuba zake peke yake. Lazima asomwe pamoja na daftari la ada la chama chake, yaani tujue ni nani waliotoa, walitoa nini wakati hali ilipokuwa ngumu, na ni nani walioachwa nje wasiruhusiwe hata kutoa.

Sisi tunaijua historia hii kwa mlango mmoja, nao ni Mei Mosi. Kila mwaka tunaandamana, risala inasomwa mbele ya mgeni rasmi, na tunarudi nyumbani; lakini wengi wetu hatukuambiwa kwamba siku hiyo ina asili yake Chicago, ambako tarehe 1 Mei 1886 maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi waligoma wakidai siku ya kazi ya saa 8. Siku tatu baadaye, katika uwanja wa Haymarket, bomu lilirushwa katikati ya polisi, polisi wakafyatua risasi, na watu wa pande zote mbili wakauawa. Wanaume 8 walishtakiwa na kutiwa hatiani ingawa haikuthibitishwa kwamba yeyote kati yao ndiye aliyelirusha bomu lile. Wanne walinyongwa mwezi Novemba 1887, mmoja alijiua gerezani, na watatu waliosalia waliachiwa mwaka 1893 na gavana wa Illinois, John Peter Altgeld, ambaye alieleza wazi kwamba kesi yenyewe haikuendeshwa kwa haki. Mkutano wa wasoshalisti uliofanyika Paris mwaka 1889 ndio ulioifanya tarehe 1 Mei kuwa siku ya wafanyakazi duniani. Marekani yenyewe huadhimisha siku ya kazi Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na sheria ya kuifanya sikukuu ya taifa ilitiwa saini na Rais Grover Cleveland mwezi Juni 1894, katika wiki ileile ambayo mgomo mkubwa wa reli ulikuwa ukisambaa nchini.

Mgomo huo ndio ninaotaka tukae nao, kwa sababu ndani yake yamo yote yanayofaa kufunzwa, mazuri na ya aibu.

George Pullman alikuwa tajiri aliyetengeneza mabehewa ya kulala, yale ambayo abiria wa safari ndefu alitandikiwa kitanda chenye shuka safi na kuamka asubuhi akikuta viatu vyake vimeng'arishwa. Kusini mwa Chicago alijenga mji mzima kwa ajili ya mafundi wake, akaupa jina lake mwenyewe. Nyumba zilikuwa zake, maduka yalikuwa kwenye majengo yake, na hata kanisa lilikodishwa naye. Hali ya uchumi ilipoharibika mwaka 1893, alipunguza mishahara kwa wastani wa kama robo, lakini kodi ya nyumba hakuigusa. Mchungaji William Carwardine, aliyekuwa akihudumu katika mji huo, aliandika habari za mfanyakazi mmoja ambaye, baada ya kulipa kodi, alibaki na hundi ya senti 2. Mtu huyo hakwenda kuibadilisha hundi ile. Aliitia kwenye fremu akaiweka iwe kumbukumbu.

Nimeifikiria hundi ile mara nyingi. Kama ingekuwa amri yangu, kila anayeanza somo hili angeanza na senti 2 zile kabla ya kusoma jina la kiongozi yeyote.

Mafundi wa Pullman waligoma mwezi Mei 1894, na Chama cha Reli cha Marekani kilichoongozwa na Eugene Debs kikaamua kuwaunga mkono: wanachama wake hawangegusa treni yoyote yenye behewa la Pullman. Reli nyingi za magharibi na za Chicago zikasimama. Serikali kuu ilipata zuio la mahakama dhidi ya viongozi wa mgomo, ikatuma askari, watu wakauawa, mgomo ukavunjwa, na Debs akafungwa miezi 6 katika jela ya Woodstock. Baadaye aligombea urais mara 5 kwa tiketi ya wasoshalisti, na mara ya mwisho, mwaka 1920, alikuwa ndani ya gereza la Atlanta kwa kosa la kutoa hotuba ya kupinga vita. Hata hivyo alipata kura zinazokaribia milioni moja. Ni mtu ninayemheshimu sana, na sidhani kama kuna kiongozi mwingine wa Marekani wa enzi zile aliyelipa gharama kubwa kama yake kwa ajili ya maneno yake mwenyewe.

Lakini daftari la ada la chama chake lina ukurasa ulioachwa mtupu. Wajumbe wa chama kile walipiga kura kwamba mfanyakazi mweusi asikubaliwe kuwa mwanachama, na pendekezo hilo lilipita kwa tofauti ndogo, baada ya Debs mwenyewe kuwasihi wasifanye hivyo. Sasa fikirini: ndani ya kila behewa la kulala alikuwamo mhudumu mweusi aliyeajiriwa na Pullman huyohuyo, na chama kilichotaka kulisimamisha behewa kilikataa kumpokea mtu aliyekuwa ndani ya behewa. Gompers naye, pamoja na yote aliyoyajenga, aliunga mkono kwa nguvu sheria za kuwazuia Wachina wasiingie nchini. Mwanafunzi anayeficha mambo haya ili kulinda heshima ya shujaa wake anafanya kazi ya mpambe, na anayeyatumia ili kufuta kila kitu kingine anaukata mti mzima kwa sababu ya tawi moja lililooza. Yaandikeni katika ukurasa uleule mnaoandika mafanikio.

Wahudumu wale wa mabehewa ya kulala ndio walionifanya niipende historia hii. Kampuni ilianza kwa kuwachukua watu waliotoka utumwani, kwa hesabu kwamba mtu wa namna hiyo amekwisha kuzoea kuhudumu na hatadai mengi. Abiria wengi hawakujisumbua kuuliza jina la mhudumu. Walimwita George, kwa jina la tajiri, kama vile mtumwa wa zamani alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Kufikia miaka ya 1920 walikuwa wapatao 12,000. Ili apate mshahara kamili wa mwezi, mhudumu alitakiwa kutimiza saa zinazokaribia 400 au maili 11,000, na matayarisho ya behewa kabla ya treni kuondoka hayakuhesabiwa ipasavyo. Chakula chake alijinunulia safarini, na hata rangi ya kung'arishia viatu vya abiria alinunua kwa fedha yake. Kilichomwezesha kuishi ni bakshishi, na mtu anayeishi kwa bakshishi hulazimika kutabasamu hata anapotukanwa.

Tarehe 25 Agosti 1925, katika ukumbi mmoja wa Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York, walizindua chama chao, Udugu wa Wahudumu wa Mabehewa ya Kulala. Waliomwita kukiongoza hakuwa mhudumu. Asa Philip Randolph, mzaliwa wa Florida wa mwaka 1889, mtoto wa mchungaji, alikuwa mhariri wa jarida la kisoshalisti. Wahudumu kama Ashley Totten walimfuata yeye kwa sababu iliyo rahisi sana: kampuni haingeweza kumfukuza kazi mtu ambaye haikumwajiri. Wapelelezi wa kampuni walikuwa wamejaa ndani ya treni na kwenye vituo, na aliyeonekana mkutanoni alijikuta barabarani kesho yake. Kampuni ilikuwa pia na chama chake yenyewe, kile cha kuwapa wafanyakazi uwakilishi wa jina tu. Randolph alikuwa sauti inayosikika, naam, lakini alikuwa vilevile ngao, na mwanzoni ungao wake ulikuwa na thamani kuliko usemi wake.

Halafu ukaja mwaka 1928, ambao wapenzi wa Randolph huupitia haraka. Wanachama walipiga kura kuidhinisha mgomo, 6,053 dhidi ya 17. Matumaini yalikuwa kwamba tishio hilo lingeilazimisha bodi ya serikali ya usuluhishi iingilie kati. Bodi haikuona dharura yoyote, kampuni ikaandaa watu wa kushika nafasi zao, na Randolph, akiisha kushauriwa na rais wa AFL, aliuahirisha mgomo saa chache kabla ya kuanza. Wapo waliosema amewauza. Wanachama wakaondoka kwa mafungu, mdororo wa uchumi ukaongezea, na kufikia mwaka 1933 chama kilichokuwa na maelfu kilibaki na wanachama wanaolipa ada 658.

Ndugu zangu, naliomba darasa hili lisimame kwenye tarakimu hiyo. Leo ada ya chama chetu hukatwa kwenye mshahara kabla haujatufikia, na wengi wetu hatuoni hata inakoishia. Nilipokuwa kijana nilikusanya ada za tawi langu kwa mkono, na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, nikiwafuata watu langoni siku ya mshahara. Ninajua uso wa mtu anayetoa shilingi yake huku akitazama kama msimamizi anamwona. Kwa hiyo ninaposoma 658, najua kwamba kila mmoja wao alitazama nyuma ya bega lake kabla ya kutoa. Hao ndio waliokishika chama kisizimike, na kwa bahati mbaya majina yao mengi hayamo katika vitabu tunavyonunua.

Jina moja limo. Rosina Tucker alikuwa mke wa mhudumu mjini Washington. Kwa kuwa wanaume hawakuweza kuonekana na karatasi za chama, yeye alizunguka nyumba kwa nyumba akigawa vipeperushi, akipokea ada na kuzipeleka makao makuu. Siku kampuni ilipomwondoa mume wake kwenye safari zake, Bi Tucker alivaa, akaenda mwenyewe hadi ofisi ya msimamizi, akapiga meza kwa mkono na kumwambia kwamba shughuli anazofanya yeye hazimhusu mume wake wala kampuni, na kwamba anataka mumewe arudishwe kazini. Alirudishwa. Fikirini ofisi ile, miaka ile, katika mji uliotenganisha watu kwa rangi: mwanamke mweusi anapiga meza ya mzungu na kutoka akiwa ameshinda. Bi Tucker aliishi hadi mwaka 1987, akafariki akiwa na miaka 105, na kwa sababu aliishi sana ndiyo maana waandishi walipata kumsikia. Mke wa Randolph, Bi Lucille, alikuwa na duka la kutengeneza nywele Harlem, na mapato ya duka lile yalimlisha mumewe katika miaka ambayo chama hakikuwa na cha kumlipa. Wake na jamaa za wahudumu walikuwa na jumuiya yao rasmi, wakafanya harambee za kila namna, na mimi sitakubali tasnifu ya mwanafunzi yeyote wangu inayowaweka katika tanbihi.

Sheria ya reli iliporekebishwa mwaka 1934, wafanyakazi hao walipata haki ya kuchagua chama cha kuwawakilisha, na mwaka uliofuata Udugu ukakishinda chama cha kampuni kwa kura 5,931 dhidi ya 1,422. Mkataba wa hali bora ulitiwa saini tarehe 25 Agosti 1937, miaka 12 kamili tangu usiku ule wa Harlem. Mwezi wa kazi ulishushwa kutoka saa zinazokaribia 400 hadi 240, na nyongeza ya mishahara ilifikia jumla ya dola milioni 1.25. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chama cha wafanyakazi weusi kufunga mkataba na kampuni kubwa ya Marekani.

Inasimuliwa kwamba katika miaka ya dhiki kampuni ilimpelekea Randolph hundi ya fedha nyingi ili aachane na chama, naye akairudisha. Masimulizi yanatofautiana juu ya kiasi na juu ya namna alivyoirudisha, na nimewasikia walimu wakiyatupa kwa sababu hiyo. Mimi siyatupi. Nayaweka katika fungu lake: ni habari inayotuambia wahudumu walikuwa wanataka kiongozi wa namna gani, na kwa kupitishana habari hiyo katika vyumba vya kupumzikia walimfunga Randolph kwa kipimo walichomwekea. Upande wa pili zipo karatasi. Kumbukumbu za Kampuni ya Pullman zimehifadhiwa katika Maktaba ya Newberry, Chicago; za Udugu ziko katika Maktaba ya Bunge, Washington; na za wafanyakazi wa viwanda vya magari zimekusanywa Detroit, katika maktaba yenye jina la Walter Reuther, aliyekuwa kiongozi wao. Anayeweza kufika, kwa mwili au kwa mtandao, asome za mwajiri na za chama kwa pamoja, maana mwajiri aliandika kwa makini mambo ambayo chama kiliogopa kuyaandika.

Kuna uzi unaotoka kwa wahudumu hao hadi kwetu. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alipokwenda Marekani mwaka 1956 alifahamiana na Randolph na viongozi wengine wa huko, na shirikisho la AFL-CIO, mrithi wa AFL, lilichangia dola 35,000 za kujenga makao ya wafanyakazi Nairobi. Maida Springer, mzaliwa wa Panama aliyekulia Harlem na kufanya kazi ya kushona katika viwanda vya New York, alikuja Afrika Mashariki kama mwakilishi wa wafanyakazi na akawa rafiki wa Mboya na wa Mwalimu Nyerere. Haya ni mambo ya kujivunia, lakini yasomwe macho yakiwa wazi: ulikuwa wakati wa vita baridi, na shirikisho lile lilitaka vyama vya Afrika visiegemee kambi ya Mashariki, yaani ya kikomunisti. Springer mwenyewe alijikuta mara nyingi kati ya marafiki zake Waafrika na waliomtuma. Mhadhara wa wiki ijayo utahusu vyama vya Tanganyika na uongozi wa Rashidi Kawawa, kwa hiyo uzi huo nauachia mwenzangu.

Randolph alikuja kuwa mtu mkubwa wa taifa. Mwaka 1941 alitangaza kwamba watu weusi 100,000 wataandamana Washington iwapo viwanda vya silaha vitaendelea kuwanyima kazi, na Rais Roosevelt akatia saini amri ya kupiga marufuku ubaguzi huo tarehe 25 Juni, kabla ya siku ya maandamano. Tarehe 28 Agosti 1963 ndiye aliyeyaongoza maandamano ambayo dunia inayakumbuka kwa hotuba ya Martin Luther King. Mengi yameandikwa juu ya siku hizo na sina haja ya kuyarudia.

Napenda badala yake kumalizia Montgomery, Alabama. Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti, alipokamatwa ndani ya basi jioni ya tarehe 1 Desemba 1955, aliyekwenda kituo cha polisi kumwekea dhamana alikuwa Edgar Daniel Nixon, mhudumu wa mabehewa ya kulala na mwenyekiti wa tawi la Udugu mjini humo. Usiku ule na alfajiri yake alipiga simu kwa wachungaji wa mji, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wakutane kuamua juu ya kuyasusia mabasi. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 26 aliyekuwa mgeni mjini, Martin Luther King. Wachungaji walikutana Ijumaa tarehe 2, lakini Nixon hakuwapo kikaoni, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika na alikuwa safarini ndani ya treni, akiwatandikia abiria vitanda. Aliporudi na jumuiya ya kuendesha mgomo wa mabasi ilipoundwa Jumatatu, wenzake walimchagua King kuwa rais wao, na Nixon wakamkabidhi hazina. Mgomo ule ulidumu siku 381, na fedha ya kuwasafirisha watu kazini bila mabasi ilipitia mikononi mwa mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa amejifunza, katika tawi la wahudumu wa treni, namna ya kupokea mchango mdogo wa mtu maskini na kuuandika.

Asanteni kwa kunisikiliza.